RAM imepanda bei, na malipo ya korosho yameingia

Tangu Septemba swali linaloingia dukani kwangu kuliko yote ni hili: "Dada, iPhone 17 umeshaiona?" Sijaiona. Najua ilitangazwa tarehe 9 Septemba 2025, najua ile nyembamba inayoitwa iPhone Air ina unene wa milimita 5.6, basi, yameishia hapo. Mimi nina steshenari Mtwara mjini na meza ya ufundi kwa nyuma. Wateja wangu ni mwalimu anayechapa mtihani, kijana anayejaza maombi ya ajira, mwanachuo ambaye laptopu yake imegoma kuwaka na kazi inatakiwa kesho asubuhi. Kwa watu hao habari kubwa haikuwa simu ya Apple. Ilikuwa bei ya RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo mashine inafanyia kazi, na wengi wameijua siku walipokuja na hela ya zamani mkononi.

Nianze na kilichotokea huko mbali. Sehemu kubwa mno ya chipu za RAM duniani inatoka kwa kampuni tatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Kampuni za akili mnemba zinajenga vituo vya seva mfululizo, na seva zile zinataka kumbukumbu ya aina yake iitwayo HBM, ambayo vipande vyake vinapangwa ghorofa juu ya ghorofa. Micron wenyewe wameeleza kwamba HBM inakula nafasi ya kiwandani kama mara tatu ya ile inayohitajika kutengeneza DDR5, RAM ya kompyuta za kisasa, ya ujazo uleule. Sasa wewe ndiye mwenye kiwanda: mteja mmoja anataka mzigo wa mabilioni, mwingine ni dada wa Mtwara anataka kipande kimoja cha GB 8. Utamhudumia nani?

Oktoba 2025 OpenAI, wenye ChatGPT, walikubaliana na Samsung na SK Hynix, makubaliano ya awali, yakitaja hadi sahani 900,000 za silikoni, zile zinazokatwa chipu, kwa mwezi. Tarehe 3 Desemba Micron wakatangaza kwamba wanaachana na Crucial, jina lao la RAM za madukani ambalo fundi yeyote aliyewahi kufungua laptopu amelishika kwa vidole vyake, na kwamba mzigo wa mwisho kwa maduka ungetoka hadi mwishoni mwa Februari 2026. DDR4, ambayo ndiyo mashine zetu nyingi zinatumia, viwanda vilishaanza kuipunguza kwa kuwa ni ya kizazi kilichopita. Kwa hiyo imepanda mara mbili: imepanda kwa kuachwa, ikapanda tena kwa uhaba.

Mtu wangu wa Kariakoo zamani alikuwa ananitumia orodha ya bei WhatsApp, naitumia hata mwezi mzima bila kumsumbua. Siku hizi ananiambia, "Dada, hiyo ni bei ya asubuhi. Ukituma hela jioni tuongee upya." Nilidhani ananichezea, nikaulizia kwa wengine wawili, wimbo ni uleule. Kipande cha GB 8 cha laptopu, tena kilichotumika, kimepita mara mbili ya nilivyokuwa nanunua mwaka jana kabla ya mambo haya. Ongeza na hela ya kifurushi kwenye basi. Mteja anayekuja kusema "niongezee RAM tu dada, inakuwa nzito" sasa namkalisha kwanza kwenye kiti.

Na uhaba huu umetukuta wakati mbaya, kwa sababu Windows 10 nayo imefika ukingoni tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft wakaacha kuipa masasisho ya kawaida. Watu wanaambiwa wahamie Windows 11, Windows 11 inakataa mashine nyingi za mtumba tulizonazo, na mashine inayokubalika ndiyo hiyo inayohitaji RAM iliyopanda. Katikati ya hayo yote malipo ya korosho yakaingia benki, wazazi na wajomba wakashuka mjini na hela. Matapeli nao hawalali msimu kama huu.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja kutoka Tandahimba. Kwetu huku mjomba ana neno zito kwenye shule ya mtoto wa dada yake, na yeye mpwa wake anasoma uhasibu hapahapa mjini, muda wote anaazima laptopu za wenzake. Mzee ameshika laptopu ya HP, EliteBook 840, kwapani, na muuzaji kamfuata, amebaki nje juu ya bodaboda hata injini hajazima.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Huyu bwana anasema mashine ya Ulaya, ina Windows kumi na moja. Mimi korosho zangu hawazinunui bila kupimwa daraja. Na hii nipimie."

Nimeipenda kauli hiyo mpaka leo. Nikaiwasha. Kweli, Windows 11, picha ya ua la bluu katikati ya skrini, kila kitu kinang'aa. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikaenda ukurasa wa utendaji (Performance), nikamwonyesha mzee maandishi ya juu kulia, jina la prosesa, yaani ubongo wa mashine: i5-4300U.

Hapo ndipo pa kuangalia, na nawaomba mpashike. Wauzaji wanapenda kusema "ni Core i5" kana kwamba maneno yameisha. i5 zipo za miaka yote. Tazama namba inayofuata baada ya kistari: 4300 inaanza na 4, kizazi cha nne. 8350 inaanza na 8, kizazi cha nane. Zikiwa tarakimu tano, kama 10310, soma mbili za mwanzo, ni cha kumi. Microsoft kwa upande wa Intel wanaikubali Windows 11 kuanzia kizazi cha nane, ambacho kilianza kutoka 2017, na wanataka pia chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ile ya mzee ilikuwa imelazimishwa. Mtu ameipitisha Windows 11 kwa mlango wa uani, inafunguka, inaandika, lakini toleo kubwa la kila mwaka haliji lenyewe na Microsoft wanasema wazi kwamba mashine ya namna hiyo hawaihakikishii masasisho.

Nikatoka nje kumuuliza muuzaji. Akajibu, "Dada, si inawaka lakini?"

Inawaka. Hata jiko la mkaa linawaka. Kama angeiuza kwa bei ya kizazi cha nne na kusema ni kizazi cha nne, nisingekuwa na neno naye, maana kwa kuchapa barua inatosha sana. Aliitaka bei ya kizazi cha nane. Mzee akamrudishia, yule akaondoka ananiangalia vibaya, nami hainisumbui.

Yule mpwa wake, binti, tulimtafutia EliteBook 840 G5, i5-8350U. Kwa mtu asiyezoea ni ndugu wa ile ya kwanza, rangi ileile ya fedha, jina lilelile. Ina GB 8 katika kipande kimoja. Kwenye ukurasa uleule wa utendaji ukibonyeza sehemu ya kumbukumbu (Memory) kuna mstari unaokwambia nafasi ngapi za RAM zimetumika: pale pameandikwa 1 kati ya 2. Mstari huo una thamani kuliko mapambo yote ya kwenye tangazo. Maana yake bei ikishuka, hata kama ni mwakani, ataongeza kipande cha pili bila kutupa cha kwanza. Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi RAM yake imechomelewa kwenye bodi, ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho. Mzee alitaka niijaze nafasi ya pili palepale, hela anayo. Nikamwambia aiache wazi, anunulie SSD nzuri, ile diski ya kuhifadhia yenye kasi, na begi lisilopitisha maji, masika yanakuja.

Kwa wenye mashine ya zamani ambao hela ya kubadilisha haipo: usikimbilie kwa mtu wa "nakuwekea 11 kwa elfu kumi". Microsoft wameweka nyongeza ya masasisho ya usalama kwa Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026. Unajiandikisha kwenye ukurasa wa masasisho ndani ya mashine yenyewe. Ukiingia na akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwao, hulipi. La sivyo ni pointi 1,000 za zawadi zao au dola 30. Akaunti moja inabeba mpaka mashine 10, kwa hiyo nyumba yenye mashine kadhaa haina kisingizio. Mashine yangu ya mbele, ile ya wateja, nimeshaihamishia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Wanachapa, wanaprinti, wanaondoka. Anayegundua ni yule anayeitafuta alama ya Word, naye nikimwonyesha LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, ananuna dakika mbili halafu anaendelea.

Simu nazo hazikupona. Oktoba hiyohiyo Xiaomi walipotoa Redmi K90 watu walilalamikia bei, mkuu wao mmoja akasema hadharani kwamba gharama za chipu za kumbukumbu zimepanda kuliko walivyotarajia. Simu za bei ya juu zina pa kuficha ongezeko hilo. Za bei yetu hazina. Mtengenezaji ana njia mbili, apandishe bei au apunguze RAM, na njia ya pili mnunuzi haioni haraka.

Ndiyo maana nawaomba msome boksi. Mpwa wangu kanunuliwa simu, kwa nje herufi kubwa: GB 8. Chini yake, herufi za kusoma na miwani: 4+4. Nne za kwanza ni RAM. Nne za pili ni kipande cha hifadhi ya simu, kule kunakokaa picha na video, kilichoazimwa kifanye kazi ya RAM. Kasi ya vitu hivyo viwili hailingani hata kidogo. Simu inasaidika kidogo kuzikumbuka programu ulizoziacha wazi, ila ukiibana haikufichi. Kijana anacheza eFootball, dakika ya themanini na kitu anaongoza, shangazi (ndio mimi) nikampigia WhatsApp. Akapokea, "ndio shangazi, nakuja." Kurudi kwenye gemu, gemu linaanza upya kutoka mwanzo, nembo ya Konami na muziki wake, mechi imehesabiwa kafungwa. Hakunisemesha mpaka chakula cha usiku.

Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya "kuhusu simu", utaona hesabu halisi. Ikiwa ni 4 jumlisha 4, hiyo ni simu ya 4, lipa ya 4. Na kama mtoto ni wa mpira tu, Dream League Soccer inamtosha, haikaukishi bando maana inachezeka hata bila intaneti. Nikiwa hapohapo kwenye gemu: vijana wameanza kurushiana faili la GTA VI "ya simu". Tarehe waliyotangaza Rockstar ni 19 Novemba 2026, na waliyoitangaza ni ya PlayStation 5 na Xbox Series. Ya simu hawajatangaza. Faili hilo ni la kukuibia, na simu yenye laini ya kutuma hela si ya kuchezea majaribio.

Kuhusu chaji nina la kufurahia, fupi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya tundu moja la Type-C ilianza kwa simu tarehe 28 Desemba 2024, na kwa laptopu tarehe yake ni 28 Aprili 2026. Mtumba wetu mwingi unatoka kwao, kwa hiyo miaka michache ijayo yale makopo ya chaji za vidole vya kila unene yatapungua mezani kwangu. Ile G5 ya binti inapokea Type-C tayari, ila chaji iwe ya wati za laptopu, siyo ya simu. Wa Shangani na Mikindani mnaolala na upepo wa bahari dirishani, tundu hilo linashika kutu, lifunikeni.

La mwisho linahusu mafundi wenzangu na najua watanisema. RAM ikiwa na bei hii, zimeanza kuyeyuka. Mtu anapeleka laptopu ya GB 16 kubadilishwa kioo, inarudi na 8, naye hajui kwa sababu hakuwahi kuangalia. Kabla hujamwachia fundi mashine, ifungue palepale, piga picha ukurasa ule wa kumbukumbu. Nipige hata mimi, mbele yangu, sitanuna.

Na laptopu zenu zilizovunjika kioo au zilizoingia maji, mlizozitupa juu ya kabati, msiwape wanunua chuma chakavu kwa kilo. Kama ni kizazi cha sita kwenda mbele, ndani kuna uwezekano mkubwa wa DDR4. Nileteeni niifungue mkiwa mmekaa hapo, tukubaliane bei. Ijumaa nafungua baada ya swala.