Jinsi seli yetu ilivyopata kalavati jipya: uzoefu wangu na ofisi za jiji

Mtaro unaopita katikati ya seli yetu, yaani mtaa wetu mdogo jijini Mbale, kuanzia nyuma ya soko hadi bondeni, ulikuwa ukifurika kila msimu wa mvua, na maji yenye uchafu wa soko yalikuwa yakiingia katika vyumba vya wapangaji wa upande wa chini, ambako wanaishi akina mama wenye watoto wadogo na wazee wasioweza kuhamisha vitu vyao usiku. Sasa mtaro huo unapitisha maji. Naandika kueleza tulivyofika hapo kwa sababu nimewaona wakazi wengi wakipeleka kilio chao kwa diwani au kwenye vipindi vya redio, kisha wakakata tamaa, ilhali sheria za Uganda zimeweka njia ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifuata akiwa na karatasi, kalamu na subira.

Mimi ni katibu mkuu wa kamati ya LC1, yaani baraza la seli, ngazi ya chini kabisa ya utawala wa mitaa. Nilichaguliwa Julai 2018, wananchi walipojipanga mstari nyuma ya wagombea katika uchaguzi wa kwanza wa ngazi hiyo tangu mwaka 2001. Mikutano yetu tunaiendesha kwa Kiswahili, maana seli ina Wagisu, Waganda, Wateso, Wanubi na familia za waliokuwa wafanyakazi wa reli, na hakuna lugha nyingine inayotukutanisha sote bila kumwacha mtu nje.

Jiji letu ni mojawapo ya manispaa zilizopandishwa hadhi mwaka 2020. Tulifurahi, lakini kupanda huko kulileta swali ambalo hakuna aliyetujibu upesi: mtaro ni wa nani? Juu kuna halmashauri ya jiji, chini yake kuna divisheni mbili. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997, divisheni ndiyo inayokusanya kodi na ushuru katika eneo lake, ikabaki na nusu na kupeleka nusu kwenye jiji. Kwa hiyo mchuuzi wa nyanya anayelipa ushuru sokoni ana haki ya kudai huduma kutoka ngazi zote mbili, lakini kila ngazi inaweza kumwelekeza kwa nyingine, na ndivyo tulivyofanyiwa. Ofisi moja ilisema barabara ni ya jiji. Nyingine ikasema usafi wa mtaro ni wa divisheni. Ya tatu ikatushauri tusubiri mradi mkubwa wa barabara.

Nilichofanya kwanza ni kuuchunguza mtaro wenyewe. Wakati wa kiangazi niliteremka pamoja na mwenyekiti na fundi mmoja wa ujenzi hadi penye kalavati, yaani mfereji wa zege wa kupitisha maji, linalopita chini ya barabara ya murramu. Lilikuwa kalavati jembamba la zege, na ndani yake, kutoka upande mmoja hadi mwingine, lilikuwa limepitishwa bomba la maji ya kunywa. Bomba hilo ndilo lililokuwa likinasa kila kitu. Makavera, yaani mifuko ya plastiki, yalikuwa yamejiviringisha juu yake tabaka kwa tabaka, yakashikana na magunzi, maganda ya miwa na mchanga, hata nafasi iliyobaki juu haikutosha kupitisha mkono wa mtu mzima. Fundi alichoma uchafu huo kwa nondo, na nondo ikagoma kabla ya kufika katikati. Hapo tulielewa kwamba vijana wetu wangezibua mtaro kila Jumamosi na mafuriko yasingekoma, kwa kuwa shida ilikuwa imefungwa chini ya barabara, mahali ambapo mkazi haruhusiwi kuchimba.

Kisha nilifungua daftari. Kila mvua kubwa iliponyesha niliandika tarehe, saa, nyumba zilizoingia maji, na kimo cha maji ukutani kwa kupima na rula, halafu nikapiga picha nikiwa nimesimama mahali palepale, mlango wa duka la mpakani ukionekana nyuma. Baada ya mafuriko yaliyoua watu Mbale mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipovunja kingo zake, watu waliokuwa wakiniona ninasumbuka bure walianza kuniletea vipimo vyao wenyewe. Naliheshimu sana daftari hilo. Malalamiko ya mdomo hujibiwa kwa mdomo, lakini ukurasa wenye tarehe na vipimo humlazimu ofisa naye aandike.

Tuliitisha mkutano wa seli, tukapitisha azimio, tukaandika muhtasari na kukusanya sahihi. Barua haikuomba tu "tutengenezewe mtaro". Tuliigawa haja yetu kwa kadiri ya mamlaka: divisheni iondoe mchanga na taka katika mtaro wa juu, wenye bomba walihamishe, na mhandisi wa jiji abadilishe kalavati. Barua ilielekezwa kwa karani wa jiji, kwa sababu yeye ndiye mwenye dhamana ya matumizi ya fedha, na nakala zikaenda kwa meya, karani wa divisheni, mkaguzi wa afya na diwani wetu. Wengi huanza na meya. Meya ana sauti na ninamheshimu, lakini sahihi inayotoa fedha ni ya karani.

Pale masjala nilikwenda na nakala mbili za kila barua, moja ya kuacha na nyingine ya kugongewa muhuri wa kupokelewa. Dada wa mapokezi aliniambia, "Mzee, acha tu, nitampelekea." Nikamjibu, "Nashukuru, binti yangu, lakini wazee wa seli wamenituma nirudi na muhuri." Alicheka, akagonga, akaandika na namba ya jalada. Namba hiyo ilitusaidia kuliko hotuba yoyote, kwa sababu kila niliporudi niliuliza jalada liko mezani kwa nani, na swali la namna hiyo lina jibu.

Majibu yalipochelewa tulitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005, inayompa raia haki ya kuomba nyaraka za ofisi ya umma na kuitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Tuliomba mpango wa kazi wa divisheni kwa robo mwaka iliyokuwa ikiendelea. Tulipoupata, tulikuta humo kazi ya kuzibua mitaro katika wadi yetu, imepangiwa fedha, bila mtaro wowote kutajwa kwa jina. Tukaandika tena, safari hii barua fupi sana, tukiomba kwamba mtaro wa soko uwe miongoni mwa hiyo itakayozibuliwa, tukaambatisha kurasa za daftari. Vibarua wa divisheni walifika kabla robo hiyo haijaisha.

Kalavati lilichukua muda mrefu zaidi, na hapa ndipo kalenda inapotawala. Mwaka wa fedha wa Uganda unaanza tarehe 1 Julai, na halmashauri hutakiwa kupitisha bajeti kabla ya mwisho wa Mei. Mikutano ya kuandaa bajeti hufanyika miezi mingi kabla, karibu na mwisho wa mwaka wa kawaida. Anayepeleka ombi la ujenzi mwezi Juni anakuta fedha zimeshagawanywa. Sisi tulikwenda kwenye mkutano wa bajeti wa divisheni tukiwa na azimio, picha na makadirio ya fundi, na diwani wetu akasimama kulitetea ombi hilo, akalifuatilia hadi kwenye kamati ya ujenzi. Wenye bomba walilihamisha baada ya mhandisi wa jiji kuwaandikia rasmi. Barua zetu sisi peke yetu hazikuwa zimewasogeza.

Kazi ilipoanza, barabara ilifungwa, bodaboda wakazungukia upande wa shule, na makalavati mapya yenye kipenyo cha milimita 900 yakalazwa, kuta za mawe zikajengwa kwenye midomo yote miwili. Nilikuwepo kila siku na muhtasari mkononi, nikimwomba msimamizi anionyeshe mteremko kabla hawajafukia, na alinionyesha bila kinyongo.

Upande wetu tuliahidi kutunza. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 inakataza kavera nyepesi zisizofikia unene wa mikroni 30, lakini bado zinauzwa sokoni waziwazi, na nyingi huishia mtaroni. Kamati imekubaliana na wenye vibanda kwamba kila mmoja asafishe kipande cha mtaro kilicho mbele yake, na tumeweka wavu wa chuma juu ya kalavati ambao vijana wanalipwa kuusafisha kwa mchango wa kila nyumba. Mtaro wa juu, karibu na machinjio, bado ni wa udongo na kingo zake zinaporomoka. Ombi la kuujengea mawe limeshapokelewa masjala, lina muhuri na namba, na litasomwa kwenye mkutano ujao wa bajeti.