Gitaa la marehemu mjomba limepata sauti

Gitaa la umeme aliloniachia marehemu mjomba lilikaa miaka mingi Mikindani, ambako hewa ya chumvi haina huruma na chuma, na nilipolichomeka kwenye amplifaya lilinong'ona tu. Jana nilipima koili zake, yaani nyaya zilizosokotwa zinazonasa mtetemo wa nyuzi, kwa mita ya kupimia ukinzani wa umeme: moja ilisoma kiloomu 6.8, nyingine 7.1, kwa hiyo zilikuwa nzima. Potenshomita ya sauti, kile kitasa cha kuongeza na kupunguza sauti, ndiyo iliyoliwa na kutu. Nikaweka mpya ya kiloomu 250 na kulehemu nyaya upya. Hata hivyo, koili zote mbili zilipofanya kazi pamoja sauti ilisinyaa, kwa sababu aliyeziunga zamani (nachelea kusema ni mjomba mwenyewe) alizifanya zipingane. Nikazigeuza nyaya mbili za koili moja, na majirani wakasikia.