Napiga mswaki, lakini asubuhi kinywa kinanuka

Karibu miaka miwili jambo hili limeniumiza. Napiga mswaki asubuhi na usiku, sikosi, lakini nikiamka kinywa kinanuka. Ikafika nikawa namgeuzia mume wangu mgongo alfajiri, na mama mkwe akija kutoka Mikindani naitikia salamu nimeziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Mwezi uliopita nikajikaza, nikamweleza daktari wa meno hapa Mtwara. Akaniangalia ulimi, kule nyuma kabisa, akauliza: "Dada, unalala mdomo wazi?" Ndiyo, pua yangu huziba. Kumbe usiku mate hupungua, na mate ndiyo yanayosafisha kinywa. Ukilala mdomo wazi kinakauka zaidi, na bakteria walioko nyuma ya ulimi wanatoa gesi zenye salfa (ndiyo, salfa hiyohiyo tunayopulizia mikorosho). Mswaki wangu haukuwahi kufika huko!

Sasa kabla ya kulala nakwangua ulimi taratibu, napitisha uzi katikati ya meno, nakunywa maji. Pua nayo naitibu. Harufu haijaisha yote, ila imepungua sana. Leo alfajiri nimeongea na mume wangu uso kwa uso.