Nilivyompeleka dereva matembezini

Mume wangu ni dereva wa matatu, Malindi kwenda Mombasa, kama kilomita 120 kila upande, na siku nyingine huenda na kurudi mara mbili. Ukimwambia mtu wa kazi hiyo "twende safari ya gari", anakutazama kama mpishi wa harusi aliyeombwa aje kumenya vitunguu siku yake ya mapumziko. Kwa hiyo zamu yangu ya chama, kile cha kuchangiana pesa kwa zamu, ilipofika mwisho wa Januari nikapokea Sh35,000, sikumwambia neno. Nilikaa kidukani kwangu, katikati ya mabunda ya leso, nikaanza kupanga nyuma ya daftari la madeni.

Mpango wa kwanza ulikuwa wa kichaa. Ndani ya siku tatu nilitaka Gede, Mida, Marafa, mbuga ya Tsavo Mashariki, halafu Lamu. Nilipomwonyesha aliusoma mara moja, akanirudishia daftari.

"Bibie, hii si likizo. Hii ni ratiba ya basi."

Nilinuna kidogo, lakini nilipotulia niliona ana haki. Lango la Sala, la kuingilia Tsavo ukitokea kwetu, liko kama kilomita 110, na ukishaingia mbugani haraka haisaidii kitu. Ama unalala huko, ama unaondoka alfajiri. Tena langoni hawapokei pesa taslimu. Kiingilio unakilipa kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, na ni bora ukilipe ungali nyumbani kwenye mtandao wa kuaminika. Nikaifuta. Lamu ni zaidi ya kilomita 200, unapita Garsen na Witu hadi Mokowe, na hapo Mokowe gari unaliacha nchi kavu unapanda boti, kwa sababu mji wenyewe ni wa miguu na punda. "Niendeshe nusu siku ili nikaegeshe?" aliuliza. Nayo nikaifuta, ila kwa mstari mwembamba.

Kilichobaki kilikuwa kile ambacho yeye hukipita kila siku bila kusimama. Hapo ndipo nilipopata mpango wa kweli: hii itakuwa safari ya kusimama. Nikaweka masharti mawili. La kwanza, naendesha mimi; leseni ninayo mwaka wa nne sasa, na kaka yangu alikubali kuniazima gari lake dogo mradi nilirudishe na tangi limejaa. La pili, pasiwe na mwendo wa zaidi ya saa moja bila kushuka. Nilichagua Jumatatu mpaka Jumatano, kwa maana Februari kaskazi inavuma, Watamu imejaa wageni, na vyumba vya katikati ya juma unaweza kuvibishania bei. Watoto wakaenda kwa bibi yao. Mume wangu akamwachia matatu dereva wa skwodi, yule wa kushikilia zamu, akamkabidhi ufunguo kana kwamba anamwozesha binti.

Jumatatu asubuhi tukatoka. Kutoka Malindi hadi Gede si mbali, ni mwendo wa kumaliza andazi moja na chai ya thamosi, lakini kwangu ilikuwa safari ndefu. Yeye alikaa upande wa abiria, mikono juu ya magoti, kimya. Mdomo ulinyamaza ila mguu haukunyamaza. Kila nilipokaribia tuta, mguu wake wa kulia ulikanyaga zulia, breki ambayo haipo, na nikichelewa kubadilisha gia anakohoa. Karibu na makutano ya Watamu nikamwambia, "Ukikohoa tena nakushusha hapa hapa." Akacheka, akavua kiatu cha mguu huo, akaukalia. Kuanzia hapo tukaelewana.

Gede ameipita maelfu ya mara. Anajua steji, anajua nani anauza maembe mazuri, anajua abiria gani hushuka hapo na magunia. Ndani ya magofu alikuwa hajawahi kukanyaga. Nilimlipia mwongozaji, na kama una pesa ya jambo moja tu la ziada katika safari nzima, lipia hilo. Peke yako utaona kuta tu. Tulionyeshwa msikiti mkuu, kasri, na kaburi lililochongwa mwaka wa Hijria 802, yaani 1399. Mizizi ya miti imeshuka juu ya kuta za matumbawe kama nywele za bibi anayesuka. Mwaka 2024 mji huu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mwongozaji alilisema hilo kwa kifua mbele kama kwamba alipiga kura yeye.

Lakini mume wangu hakujali orodha. Kilichomkamata ni vyoo. Alisimama kwenye nyumba moja, akatazama shimo lililojengwa kwa mawe ndani ya chumba, akauliza mara mbili kama ni la zamani kweli. "Watu wa miaka mia sita iliyopita wana choo cha ndani," akasema, "na mimi abiria wangu wanasubiri mpaka Kilifi." Halafu akataka kujua kwa nini waliondoka. Mwongozaji akatueleza kwamba wanahistoria hutaja mambo kadhaa, uvamizi, kuhama kwa makabila, na maji kushuka chini. Akatuonyesha kisima kilichowahi kuchimbwa zaidi kuyafuata maji. Pale kisimani tulikaa muda mrefu kuliko niliouweka kwenye daftari. Kima mmoja akatumia nafasi hiyo kuchukua ndizi zetu zote pamoja na mfuko.

Jioni ya siku hiyo nikafanya kosa, na ni kosa la aibu kwa mtu aliyezaliwa Malindi. Nilitaka tufike kwenye hori la Mida saa kumi na moja, tutembee kwenye daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko, tutazame ndege huku jua likizama. Tulifika kwa wakati. Jua lilikuwepo. Ndege hawakuwepo. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye matawi, na pale ambapo ndege huchokora matope palikuwa bahari tupu.

Nikampigia jirani yetu mvuvi. Alicheka kabla sijamaliza kueleza.

"Dada, leo mwezi ni wa ngapi?"

Nikatazama juu. Ulikuwa unatoka, mviringo kama sinia.

"Kumi na tano. Hii ni bamvua, maji makubwa. Maji yamekupwa saa nne asubuhi, alasiri hii yamejaa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kesho kutwa nenda saa sita, saa saba, yanaanza kupanda. Ndege watasukumwa na maji mpaka waje miguuni pako."

Nikageuza daftari, nikaandika Mida upya chini ya Jumatano. Na Jumanne asubuhi, kwa hesabu ile ile, nikajua kwamba bahari ya Watamu itakupwa karibu saa tano, basi tukaenda kutembea juu ya mchanga ulioachwa wazi, maji ya vifundoni, tukala mahamri na mbaazi tumesimama baharini. Hilo halikuwa kwenye mpango kabisa. Nalihesabu kuwa zawadi ya yule mvuvi.

Alasiri tukaelekea kaskazini. Ilibidi tupite Malindi, na nakiri niliinama kwenye usukani tulipokaribia mtaa wetu, asije mtu akasema "kumbe mmesharudi". Tukavuka daraja la Sabaki, tukakata kwenda Marafa. Wageni wengi huletwa Marafa mchana, sijui kwa nini. Ni bonde lililoliwa na mvua na upepo, kuta za mchanga mgumu zimesimama kama mishumaa iliyoyeyuka, na joto la mchana linatuama humo chini kama ndani ya tanuri. Nenda baada ya saa kumi na moja. Wagiriama wanapaita Nyari. Kijana aliyetuongoza, wa hapo hapo kijijini, alitusimulia habari za matajiri waliokuwa wakioga maziwa huku majirani wana njaa, mpaka ardhi ikawameza. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu yao. Kisha akatueleza habari ya mmomonyoko, kwa sauti ile ile, bila kutuambia tuchague ipi.

Jua lilipolala, kuta zikabadilika. Nyeupe ya juu ikawa ya waridi, machungwa ikawa nyekundu, nyekundu ikaingia zambarau. Nilitaka kusema kitu, nikamwona mume wangu amekaa ukingoni, amevua kofia. Simu yake ililia mfukoni, dereva wa skwodi bila shaka. Hakuitoa. Kwa miaka kumi na moja sijamwona asipokee simu ya gari. Tulibaki hapo mpaka mwezi wa kumi na sita ukachomoza, tukalala Mambrui, chumba cha bei ndogo chenye feni inayolia kama panya.

Jumatano, kwenye daraja la Sabaki, akaniambia nisimame baada ya kuvuka. Tukarudi kwa miguu kando ya barabara. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Nikamwambia ninachokijua, kwamba mto huu huanza kama Athi huko bara karibu na Nairobi, ukikutana na mto Tsavo unaitwa Galana, hapa kwetu ni Sabaki, na udongo wake ndio unaoifanya bahari ya Malindi kuwa nyekundu wakati wa mafuriko. "Kwa hiyo umesafiri zaidi yangu," akauambia mto, tukarudi garini.

Pale steji ya Malindi wenzake walimwona amekaa upande wa abiria, dirisha wazi, anakula kachiri. Honi zilizopigwa siku hiyo, utadhani tunapeleka bibi harusi.

Mida tulifika saa saba, jua la utosi. Joto lilikuwa la kukausha mate na sitasema vinginevyo, beba kofia na maji. Lakini matope yalikuwa wazi, na maji yalikuwa yanakuja taratibu, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Mwongozaji alitutajia miti, mkoko, mchu, mkandaa, halafu akanyamaza na kunyoosha kidole. Ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, wale wanaokula kaa, walikuwa wanarudi nyuma hatua moja kila maji yalipopiga hatua. Mmoja alimkamata kaa, akampiga chini, akamgeuza, akang'oa gando, akalitema. Mume wangu alihesabu sauti ya chini mpaka thelathini na saba, akapoteza hesabu, akaanza tena.

Vyumba vilikula karibu nusu ya pesa, waongozaji na viingilio robo, mafuta kidogo sana kwa kuwa hatukwenda mbali. Kaka yangu alilalamikia mchanga chini ya mazulia, akalipokea gari.

Jumatatu iliyofuata, saa tano hivi, nilikuwa napimia mteja leso simu ikalia. Ni yeye, yuko steji ya Mombasa, nyuma yake makanga wanapiga kelele.

"Bibie, hebu niambie. Hapo Mokowe, gari mtu analiacha wapi?"