Ukucha ndio ulionitatulia konokono wa Nyali

Kila niliyemuuliza jinsi ya kutofautisha aina za konokono wa ufuoni Nyali, Mombasa, aliniambia nitazame rangi. Ushauri huo unanikera mpaka leo, maana konokono wa jamii ya Nerita, wale wa duara wanaoganda kwenye miamba ya matumbawe, rangi zao hazishikiki. Nerita polita nimemwona wa kijivu, wa rangi ya maziwa, hata wa mikanda myekundu, wote mahali pamoja. Nerita albicilla naye, mmoja mweusi tii, jirani yake ana madoa ya rangi ya chungwa. Niliwatandaza juu ya kanga nikawagawa kwa rangi kama nilivyoelekezwa, nikapata mafungu ya kupendeza yasiyo na maana yoyote.

Kazi ilifunguka nilipoacha mgongo nikatazama mdomo wa ganda, pale konokono anapotokea. Mgeuze: upande mmoja wa mdomo una kibaraza bapa cheupe. Pitisha ukucha wa kidole gumba hapo taratibu. Ukikwaruza vipele vidogo vidogo, na kifuniko anachojifungia nacho kina vipele, huenda umempata albicilla, hata ganda likiwa limefunikwa na mwani. Kibaraza cha polita ni laini, ukucha unateleza, na mgongo wake hauna matuta. Nerita plicata ana matuta yaliyozunguka ganda zima na meno ya nguvu, ya ganda lenyewe, mdomoni, huhitaji hata ukucha. Nerita textilis naye ana matuta, lakini ni mkubwa kumzidi, matuta yake manene yana weupe na weusi, na meno yake hafifu. Nina raha kubwa kuyasema haya, kwa sababu ukucha ni bure.

Mahali pia panasema. Plicata na textilis wanakaa juu kabisa, panapofika marasharasha ya mawimbi tu. Albicilla yuko chini, uvunguni mwa mawe. Ukishamtazama mrudishe palepale ulipomtoa, na jiwe ulilolipindua lirudishe lilivyokuwa, maana wanaoishi chini yake hawastahimili jua.

Polita ndiye aliyenisumbua kumpata. Mchana huwezi kumwona, amejifukia mchangani chini ya mwamba. Nilinunua tochi ya bei ya kawaida, nikangoja bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, na yalipokupwa usiku nikashuka. Walikuwa wametoka, wanapanda jiwe kula mwani, maganda yaking'aa kwenye mwanga. Niliyemwokota kwanza nilimpitishia ukucha: laini.