Likizo ya kujipikia Polruan, Cornwall: nilivyopanga magoti ya mama, jiko na maji ya bahari

Watu wengi wakisikia Cornwall, ile kona ya kusini magharibi ya Uingereza, wanawaza miji ya ufukweni ya St Ives na Newquay, mie nilichagua Polruan, kijiji kidogo kimekaa mlangoni kabisa mwa mto Fowey upande wa mashariki, ng'ambo yake ndo mji wa Fowey wenyewe, wenyeji wanatamka Foi. Nimechagua huko kwa sababu ya mama. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na mama ni mtoto wa nahodha, babu alikuwa na mashua yake ya kwenda Pemba na kurudi, sasa umweke mtu kama huyo Birmingham katikati ya nchi, hata harufu ya bahari hakuna, ukweli ni kwamba alikuwa anakonda kwa unyonge na mie nilikuwa naona.

Hoteli sikutaka kabisa. Familia yenye watoto na bibi hotelini ni vyumba viwili, chakula cha nje asubuhi na jioni, nyama huli kwa sababu sio halali, samaki analetwa na chipsi kila siku, na mama hawezi kukaa siku tatu bila wali. Nyumba ya kujipikia inamaliza yote hayo kwa mkupuo, mnalipa nyumba basi, mengine ni nyie na jiko lenu. Lakini pwani ile ina mambo yake na ukikodi kwa kuangalia picha tu utaumia, kwahiyo naandika nilivyofanya ili mwenye mzazi anayetaka kumpeleka sehemu kama hiyo apate pa kuanzia.

Jambo la kwanza ni kilima. Polruan imejengwa kwenye mteremko mkali sana, nyumba zimepandana juu ya nyumba, vijia vyembamba vya ngazi katikati, barabara kuu inashuka moja kwa moja mpaka gatini, na pa kuegesha gari ni juu kabisa kileleni. Nyumba nyingi hazina parking yake. Magoti ya mama hayapendi ngazi, na matangazo ya nyumba hizi yote yanasema "hatua chache tu kutoka gatini" wakati hizo hatua chache zinaweza kuwa ngazi arobaini. Mie niliwaandikia wenye nyumba mmoja mmoja nikawauliza maswali yaleyale: kutoka mlangoni hadi gatini kuna ngazi ngapi, zina pa kushika au hazina, choo kiko chini au juu, kuna chumba cha kulala chini au vyote ni ghorofani. Wengine hawakujibu, nikawaacha. Mmoja mama wa makamo akanijibu vizuri mno, akanipigia na picha ya ngazi za ndani, akaniambia sebule ina kitanda cha kukunjua na choo kipo chini. Hapo ndo nikalipa.

Tulienda wiki ya mapumziko ya shule ya mwisho wa Mei. Bei inapanda kwa sababu ya shule lakini bado haijafika ile ya Agosti. Nyumba nyingi za aina hii zinakodishwa Ijumaa kwa Ijumaa au Jumamosi kwa Jumamosi, unaingia saa kumi jioni unatoka saa nne asubuhi, katikati hapo kuna watu wanafanya usafi, kwahiyo usitegemee kufika mapema ukapewa ufunguo.

Sasa jiko. Jamani ulizeni jiko ni la aina gani! Kama ni la induksheni, yaani linalopasha chombo kwa nguvu ya sumaku, masufuria yetu ya alumini hayapati moto hata ukae mpaka asubuhi, na karai la duara kwa chini haliwezi kukaa kwenye kioo. Lile lilikuwa la umeme la kawaida la kioo lina oveni na grili kwa juu, nikabeba sufuria zangu mbili za chini bapa, chuma cha kukaangia chapati, na mwiko. Vyombo vya kule ndani vipo vingi ila sufuria yao kubwa inatosha tambi za watu wawili, pilau la watu watano haliingii.

Vyakula vya kwetu nilibeba vyote kutoka Birmingham, mchele, unga, tui la kopo, ukwaju, bizari, pilipili mbuzi, na nyama halali ya kuku na ng'ombe nimeigandisha tangu siku mbili kabla nikaipanga kwenye kisanduku cha baridi, ilifika bado ngumu. Ukitokea barabara ya A38 Liskeard ndo mji wa mwisho tuliopita wenye supamaketi kubwa, tukasimama tukanunua maziwa, mayai, mboga na vitu vya kuoza haraka. Baada ya hapo ni vijia vyembamba kuta za majani pande zote mbili, mkikutana na gari lazima mmoja arudi nyuma. Tulipofika mume wangu akashusha mizigo na mama mpaka chini karibu na nyumba, afu akapandisha gari juu likakaa huko hukohuko. Hatukuligusa sana, maana gari Polruan halina kazi, kinachofanya kazi ni feri.

Feri yenyewe ni boti ndogo ya abiria, hakuna magari, inavuka Polruan na Fowey mwaka mzima, unakaa dakika kama tano umefika. Gari likitaka kuvuka linakwenda feri nyingine ya Bodinnick juu kidogo ya mto. Mama siku ya kwanza tu alishuka zile ngazi za gati kwa kushikwa mkono na kijana wa boti, akakaa, akauweka mkono wake ukingoni, na tangu hapo ikawa ndo safari yake ya kila siku, anavuka, anakaa benchi Fowey anaangalia boti, anarudi. Sijui kama kuna dawa ya magoti ingeweza kumnyanyua vile.

Na bahari pale ina mengi ya kuangalia. Mlango wa bandari ni mwembamba, kila upande kuna ngome ndogo ya mawe, zamani walikuwa wanavuta mnyororo kutoka ngome hii hadi ile kuzuia meli za maadui zisiingie. Hiyo ya upande wa Polruan unaifikia kwa miguu, watoto waliipenda sana. Na kwenye mlango huohuo mwembamba leo zinapita meli kubwa za mizigo zinafuata udongo mweupe, kaolini, ule wa kutengenezea karatasi na vyombo vya kauri, unachimbwa maeneo ya St Austell na kupakiwa gati za juu ya mto. Asubuhi moja tuko tunakunywa chai, dirisha lote likafunikwa na ubavu wa meli, inavutwa na tagi, boti ya kuvutia meli, taratibu, mama akasimama na kikombe mkononi mpaka ikapita yote. Akaniambia, "Mwanangu, baba yangu angeona hii asingelala."

Jioni ni zamu ya matanga. Fowey wana mashua zao za mashindano zinaitwa Troy, nyingi zina majina ya vito, na kuna nyingine ndogo za mbao zina matanga ya rangi, jekundu, la bluu, la njano, zinazunguka bandarini zinageuza tanga kwa ghafla karibu kugusana. Mama anajua anachokiangalia, anaona upepo unageuka kabla mie sijaona kitu, anasema huyu amechelewa kugeuza huyu atampita, na kweli anampita. Jua wakati ule wa mwaka linazama baada ya saa tatu usiku, kwahiyo unakula chakula cha jioni, unaosha vyombo, na bado kuna mwanga wa kutosha kukaa nje. Kwa anayesali ajipange tu, maghribi ni saa tatu na zaidi na isha inakwenda mbali sana, mama alikuwa analala mchana kidogo ili ayaweze.

Kitu nilichokipangia kwa makini kuliko vyote ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa pale inakaribia mita 5, kubwa kuliko ya kwetu Tanga, na kila kitu kinategemea hiyo, ufuo upo au haupo, ngazi za gati ni ndefu au fupi, vijito vimejaa maji au ni tope tupu. Nilichukua jedwali la maji, na hapa angalieni, majedwali mengi ya karatasi yameandikwa kwa saa za GMT, kiangazi saa za Uingereza zinasogezwa mbele kwahiyo lazima uongeze saa moja. Mama hakuhitaji jedwali. Aliangalia mwezi tu, wiki ile ulikuwa unaelekea kujaa, akasema bamvua inakuja. Alichokishangaa ni saa. Kwetu maji ya bamvua yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, huku yanajaa asubuhi na jioni kwenye saa moja, kwahiyo mchana ndo yamekupwa kabisa. Kwa sisi hiyo ni neema, maana mwezi ukiwa mkubwa au mwandamo unapata ufuo mpana katikati ya mchana watoto wakacheza, ukija wiki ya maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu na maji yanajaa na kupwa kidogo, mambo yanageuka, mchana maji yanakuwa juu. Hata ngazi za gati nilipanga mama avuke maji yakiwa yamejaa kiasi, ngazi za kushuka zinakuwa chache na hazina mwani wa kuteleza.

Watoto kazi yao ilikuwa kuvua kaa gatini. Unanunua kamba na kijifuko cha wavu, unatia chambo, unashusha, unasubiri. Wenyeji wanatumia nyama ya nguruwe, sisi tukatumia vichwa vya samaki, kaa wanapenda hivyohivyo. Unawaweka kwenye ndoo yenye maji ya bahari, wachache tu wasipigane, unabadilisha maji, ukimaliza unawarudisha wote. Mama hilo la kuwarudisha lilimuuma moyo kwelikweli.

Ufuo mzuri wa karibu ni Lantic Bay, chini ya miamba, na ni mzuri haswa, lakini njia ya kushuka ni kali mno, mama hatukumpeleka. Alibaki na mume wangu nyumbani, mie nikaenda na watoto kwa njia ya miguu ya pwani. Hiyo njia ni ileile ya South West Coast Path, kilomita zaidi ya 1,000 kutoka Minehead mpaka Poole, inapita Polruan na kuvuka kwa feri. Upepo kule juu ya jabali unakusukuma, shika watoto mkono, hakuna uzio. Ufuoni tulilowesha miguu tu, maji ya Mei ni kama nyuzi 12 au 13 na mawimbi yanavuta, sikuona mlinzi yeyote.

Afu vibua! Jirani yetu mzee mmoja ana boti yake, alirudi jioni na ndoo, akatuona tumekaa mlangoni, akatupa vibua sita bado wana ule mng'aro wa kijani na michirizi myeusi mgongoni. Mama akawashika, akawabonyeza, akaniambia, "Hawa wamenenepa mwanangu, huko chini wanakula nini?" Kweli vibua vya bahari ya baridi vina mafuta mengi sana, kwahiyo usitie mafuta hata tone. Aliwapasua mgongoni akawatanua, chumvi, ndimu, thomu, tangawizi na pilipili, tukawaacha nusu saa. Tui la kopo nikalichemsha na bizari na ukwaju mpaka likawa zito linashika mwiko. Grili juu kabisa, ngozi ikianza kutoka malengelenge unawageuza, unapaka tui, unarudisha, unapaka tena. Madirisha yote wazi na mlango wa jikoni umefungwa, maana kengele ya moshi kwenye nyumba hizi ndogo ipo sebuleni palepale. Wali wa nazi, kachumbari, basi. Yule mzee tukampelekea sahani na chapati mbili, kesho yake akarudisha sahani na samaki wengine.

Harufu msiogope. Tukishakula nilikuwa nachemsha maji na maganda ya ndimu na karafuu, sufuria wazi, dakika ishirini hivi, asubuhi nyumba inanukia yenyewe. Kuna siku ya mvua ilinyesha mfululizo na upepo wa kusini magharibi unapiga dirishani, hatukutoka, mama akakanda unga akawafundisha watoto kusukuma chapati, na kwa mie hiyo siku ilikuwa na thamani sawa na zile za jua. Simu inakatika ukiwa bondeni, kwahiyo pakua unachokitaka mapema.

Asubuhi ya kuondoka tulifuta oveni, tukatoa taka, tukaacha ufunguo mahali pake kabla ya saa nne. Mama ana viza ya kurudi mwakani, anataka Agosti wakati wa regata ya Fowey, yaani mashindano ya mashua, na kwa kuwa nyumba za wiki ile zinaisha mapema nimeshamwandikia mwenye nyumba, nasubiri jibu.