Shamba la Rumuruti

Baba alipokaribia kustaafu alitaka mahali pa kujitegemea kabisa: mahindi, maharagwe, kuku, ng'ombe wawili wa maziwa, dukani aende kwa chumvi na sukari tu. Broka akatuonyesha shamba nje ya Rumuruti, Kaunti ya Laikipia. Nilisisitiza twende Februari. Mwezi wa Mei karibu kila pembe ya Laikipia hupendeza. Mimi nilitaka kuiona kiangazi kikiwa kimekaza.

Udongo ulikuwa ule mweusi wa mfinyanzi, umepasuka hadi mkono wangu ukazama mpaka kifundoni. Unazaa, lakini ukilowa hauingiliki na ukikauka haulimiki. Na kadiri unavyotoka mji wa Nyahururu kuelekea kaskazini, upande huu wa Rumuruti, ndivyo mvua inavyopungua.

Tulikaa chini ya mgunga nikafungua daftari. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita 60 za mraba, kwa mwaka wa milimita 600, linakupa lita 36,000, tena kabla hujatoa zinazomwagika. Ng'ombe wa maziwa akinywa lita 50 kwa siku, wawili wanamaliza 36,500 kwa mwaka. Baba aliirudia hesabu ile kwa kalamu yake, kimya. Watu walikuwa bado hawajanywa, wala mboga hazijamwagiliwa.

Jirani wa pekee tuliyempata alikuwa shosho mmoja aliyekuwa akipukuchua mahindi.

"Shosho, ndovu bado wanapita huku?" nikamuuliza.

"Kupita? Wanakuja, mwanangu. Wananusa mahindi."

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Ukuta mmoja wa ghala lake la mabanzi ulikuwa umesukumwa ndani, mbao zimevunjika juu ya kimo cha kichwa changu. Mahindi yakikomaa hulala nje na wajukuu, moto na debe la kupiga. Ua wa umeme upo, akasema, lakini ndovu hujua kuuvunja kwa pembe.

Kilichonisumbua zaidi ni mashamba matupu yaliyomzunguka. Baada ya uhuru, kampuni za kununua ardhi zilikatakata ranchi za walowezi zikawagawia wanachama, na wengi hawakuhamia kamwe. Mkulima mmoja hawezi kukesha peke yake kila msimu. Kwangu mimi, majirani walio macho usiku ni sehemu ya thamani ya shamba kama ulivyo udongo wenyewe.

Baba alimshukuru broka, tukaondoka bila kutaja bei.

Mwishowe tulipata kipande kidogo zaidi karibu na Nyahururu, penye mvua ya kuaminika na moshi wa jikoni kila upande. Tulifanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, tukapata idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, ndipo tukalipa. Baba alijenga matangi kabla ya zizi, na ng'ombe akanunua mmoja.